Kamera ya Saba

Betri nane. Nne zitazame juu, nne chini,
na ukikosea moja tu, jicho halifunguki.
Nimezibeba kifuani, ndani ya sweta, tangu Isongole,
kwa sababu baridi ya Rungwe huzinyonya
kama ndama aliyechelewa kuachiwa mama yake.

Wa mradi walituletea paneli ya sola,
ndogo, sawa na kitabu cha tenzi.
Tuliifunga juu ya mti wenye ndevu, tukasubiri jua.
Jua la wapi? Juni yote ukungu ulilala humu,
na ulipoamka ulikwenda kunawa tu, ukarudi.

Basi ni betri. Na kwa unyevu, ufundi wangu mwenyewe:
mchele wa Kyela, umekaangwa bila mafuta,
umefungwa katika soksi ya mwanangu Gwamaka,
iliyobaki peke yake baada ya mwenzake kwenda na mto.
Kioo hakijalia tena.

Mkanda unazungushwa kwenye shina, urefu wa goti.
Usielekeze mashariki: alfajiri itakujazia kadi mwanga mtupu.
Kata kangaga lililo mbele, hata kama ni zuri,
la sivyo utapewa picha elfu mbili
za jani linaloitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo kwa upepo.
Halafu tambaa. Wewe mwenyewe, kwa magoti na viganja,
pita mbele yake kama minde
mpaka taa nyekundu ikonyeze.
Ndiyo maana picha ya kwanza ya kila kadi ni mimi:
mnyama mwenye kitenge, makalio juu.
Anyelwisye hucheka mpaka anakaa chini.

Wiki iliyopita namba saba ilikuwa imekufa.
Nilifungua mlango wake: vitundu vinane, vitupu,
safi kama sufuria za msibani usiku wa mwisho.
Kadi ilikuwapo.
Tukaisoma kwenye simu, chini ya mwavuli.
Minde, saa tisa usiku, pua imelowa.
Nungu na mkewe, au na mdeni wake, wameongozana.
Mkia wa kima, mwili umeshatoka.
Kisha uso.

Uso mzima, umejaa kioo,
mweupe kwa ule mwanga usioonekana,
macho yanawaka kama ya mnyama yeyote.
Baba mkwe.

Mwaka wa tisa nimeolewa.
Nikisikia kikohozi chake naacha njia, naingia migombani,
kitenge usoni, mpaka apite.
Najua kandambili zake. Najua fimbo yake ikigonga jiwe.
Sauti yake naifahamu kupitia ukuta.
Uso, hapana. Ni mwiko, na mwiko nimeushika
hata siku ya kumzika mkewe.

Na sasa huyu hapa, katika kiganja changu,
anachungulia ndani ya boksi kama anayetafuta mtu.
Na paji la uso ni la Gwamaka,
lile nililoapa mbele ya dada zangu kuwa ni la kwetu.

“Unamjua?” akauliza Anyelwisye, ambaye ni wa Busokelo.
Nikasema mvua inaingia kwenye simu.
Akaandika daftarini: mtu mmoja, hajulikani.

Jumapili, redio ya ng'ambo ya migomba
ikasema kwa nguvu niliyokuwa nimeisahau:
matangazo ya vifo, bei ya viazi, kwaya.
Miezi mingapi alikuwa akianika betri zake juu ya bati,
akizing'ata, akizigeuza kama dagaa?
Nilikaa nje nikimenya viazi, nikasikiliza yote,
hata vifo vya watu nisiowajua.
Kisha nikamwita Gwamaka, nikampa betri nne,
mpya, bado zina nailoni.
Mpelekee babu. Usiseme zimetoka kwangu.
“Atajua,” alisema mtoto.

Leo nimeifunga tena namba saba.
Nimeishusha kidogo, chini ya goti,
ili mtu akipita nayo iiname.
Kisha nikatambaa mbele yake kwenye matope.
Ikanikonyeza.